Uzoefu wangu na mmea wa mtungi, Nepenthes ventrata

Mmea naupa nyota tano kabisa, ila ile karatasi ya maelezo iliyokuja nao msiifuate. Imeandika mwagilia kila siku na weka mbolea kila mwezi, sasa Nepenthes kwao ni kule Borneo, Sumatra, Ufilipino, hata Madagaska wapo, wengi wanaota kwenye udongo usio na rutuba na ndo maana wanakula wadudu, yaani naitrojeni wanaipata kwa sisimizi na nzi, we ukimwaga mbolea kwenye mizizi unaichoma tu.

Kitu cha kwanza ni maji. Mi natumia ya mvua, yakiisha natumia ya mashine ya RO, ile inayochuja chumvi kwenye maji, maana ya bomba mara nyingi yana chumvichumvi zinabaki kwenye chungu zinajazana taratibu mpaka mizizi inakufa. Ukiwa na kipimo cha TDS, kile kinachoonyesha chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, hakikisha iko chini ya 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni). Chungu kiwe na unyevu muda wote lakini kisikae ndani ya maji, na udongo wa bustani hapana, mi nimechanganya sfagnamu (vimmea laini vinavyoshika maji) na perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi) na mchanganyiko unapumua vizuri.

Mmea ukifika mitungi, yaani vile vikombe vyake vya kunasia wadudu, itakauka, usiogope wala usikimbilie kudai hela yako, ni safari na hewa imebadilika, we angalia majani mapya. Kwenye ncha ya jani inatoka kamba nyembamba, mwisho wa kamba ndo panavimba mtungi. Kama hapavimbi basi mara nyingi ni mwanga mdogo au hewa kavu, wangu niliusogeza dirishani penye mwanga mkali ila jua la mchana halipigi moja kwa moja, unyevu wa hewa ukawa juu ya 50%, mitungi ikaanza kutoka tena na rangi nyekundu juu, nzuri sana jamani! Mdomo wake ukilowa unateleza vibaya mno, sisimizi akikanyaga tu yumo ndani.

Yale maji ya ndani msimwage, ni mmea wenyewe unayatengeneza ya kumeng'enyea. Na vipande vya nyama msiweke, vinaoza na mtungi unaoza navyo.

Ventrata ni chotara, ni mvumilivu, kwa anayeanza chukua huu. Aina za milimani zinataka usiku wa baridi, kama nyuzi 10 mpaka 15 hivi, kwa hiyo muulize muuzaji ni aina gani kabla hujalipa.