Uzoefu wangu: pampu ya Walbro ya lita 255 na mfumo wa petroli wa Patrol inayotumia nitrasi

Naishi Maskati, na gari ninalolizungumzia hapa ni Nissan Patrol Y61 yenye injini ya TB48, ile ya silinda sita na lita 4.8 ambayo wapandaji wa matuta ya mchanga katika nchi za Ghuba hawajaichoka hadi leo. Nimelifunga seti ya gesi ya nitrasi yenye kuongeza nguvu za farasi 100. Hata hivyo, tathmini hii haihusu mtungi wala gesi, vitu ambavyo kila mmoja hupenda kuvipiga picha, bali inahusu upande wa petroli: pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa, nyaya zake, regyuleta (kifaa cha kudhibiti presha ya petroli), na swichi ndogo ya usalama ambayo bei yake ni ya chini kuliko vyote. Kwa maoni yangu, fedha za nitrasi zianze kutumika hapa, na mtungi ununuliwe mwisho.

Nitrasi oksidi yenyewe haiwaki. Kwa uzito, asilimia 36 yake ni oksijeni, ilhali katika hewa ya kawaida oksijeni ni asilimia 23 tu. Inapopata joto la silinda hujivunja, ikaachia oksijeni hiyo, na injini ikaweza kuchoma petroli nyingi kuliko kawaida. Nguvu inayoongezeka, kwa hiyo, ni nguvu ya petroli. Petroli isipofika kwa kiasi kinachotakiwa, joto la mwako hupanda, injini huanza kugonga (petroli hulipuka ovyo ndani ya silinda), na pistoni inaweza kutoboka kabla dereva hajawahi kuondoa mguu. Seti yangu hupuliza gesi na petroli kwa pamoja kupitia nozeli moja kwenye bomba la hewa, kila kimoja kikiwa na solenoidi yake, yaani vali inayofunguliwa kwa umeme, na kitundu chake kilichopimwa. Kitundu cha petroli hakiongezeki wala hakipungui, kwa hiyo kiasi kinachopita hutegemea presha peke yake. Presha ikishuka, gesi haitasubiri.

Fundi wa kwanza niliyemwendea Wadi Kabir, hapa Maskati, alinihakikishia kwamba pampu ya kiwandani inatosha. Kwa hesabu ya karatasi huenda alikuwa sahihi. Injini ya kawaida huhitaji karibu gramu 230 za petroli kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi, na kwa zile zinazotokana na nitrasi ni busara kuhesabu gramu 270. Tukiipa injini farasi 250 na kuongeza 100 za gesi, jumla inakaribia kilo 85, yaani lita 115 kwa saa. Lakini pampu yenye umri wa miaka mingi haitoi tena ilichokuwa ikitoa ilipokuwa mpya, na hakuna pampu inayotoa kiasi kilichoandikwa kwenye boksi lake pale presha inapopanda au umeme unapopungua. Nilitaka pampu yenye uwezo maradufu ya hesabu, na Walbro ya 255 ina uwezo huo.

Ununuzi wenyewe unahitaji macho. Pampu za kuiga jina hili zimejaa sokoni, na duka moja, ambalo sitalitaja, lilinionyesha pampu ambayo maandishi yake yalifutika kwa kidole kilicholowa petroli. Niliagiza kwa msambazaji anayetambuliwa, kwa bei ya dola mia moja na kitu. Ndani ya boksi mlikuwa na pampu, chujio, vibano na kipande cha mpira. Maelezo ya ufungaji ni ya juu juu mno, na kwa Y61 kuna kazi ya kulazimisha kidogo ili pampu ikae vizuri kwenye kishikio chake. Kuhusu mpira, naomba msomaji asilidharau jambo hili: mpira unaozama ndani ya tangi ni lazima uwe wa daraja la SAE 30R10, kwa sababu mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani tu, na ukizamishwa hulainika, kisha hupasuka mahali ambapo hakuna atakayeuona.

Kilichonishangaza zaidi ni umeme. Kwa waya wa kiwandani, kipimo kwenye pampu kilisoma volti 11 na kidogo huku injini ikiwaka, wakati betri ilikuwa na karibu 14. Tuliteremsha waya mnene kutoka kwenye betri, tukaweka fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na waya wa zamani ukabaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Kipimo kikapanda hadi 13.5. Laiti ningekuwa na bajeti ya jambo moja tu, pengine ningelichagua hili, maana hata pampu ya zamani hupata pumzi mpya ikipewa umeme kamili.

Petroli ya nozeli hatukuichukua mwishoni mwa reli ya injekta, yaani bomba linalozigawia petroli injekta zinazoinyunyizia injini, kama ilivyopendekezwa kwenye karatasi ya seti, kwa kuwa hapo silinda ya mwisho ndiyo inayoweza kunyimwa. Tuliweka kiungo cha njia tatu kabla ya reli, tukabadilisha bomba kuwa la inchi 3/8, na regyuleta ikawekwa psi 43 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba). Kisha likaja jaribio ambalo gereji nyingi huliruka. Nozeli ilifunguliwa na kuelekezwa ndani ya chombo chenye vipimo, injini ikiwa imezimwa na imepoa, pampu ikawashwa, na solenoidi ya petroli peke yake ikafunguliwa kwa sekunde kumi. Kwa farasi 100 tulitarajia karibu mililita 100, tukazipata, na geji ilishuka kwa psi moja tu. Jaribio hili lifanyike mahali pa wazi, kizima moto kikiwa mkononi na si ndani ya gari. Hata hivyo halimalizi maneno, kwa kuwa injekta hazikuwa zikinywa wakati huo; jibu kamili hutoka kwenye geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli wakati kanyagio limezama, na kwangu husimama kwenye 11.8 kwa moja.

Plagi ni za daraja la baridi zaidi, yaani zinazopoteza joto haraka, na cheche imerudishwa nyuma nyuzi nne za mzunguko wa injini, ili iwake kwa kuchelewa kidogo. Mengine niliyafuata kama yalivyo kwenye maelekezo ya seti.

Maelekezo hayo, hata hivyo, yaliandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Yanasisitiza blanketi la umeme la kupasha mtungi. Kwetu kiangazi kazi ni kuupoza. Presha ya mtungi hufuata joto: kwenye nyuzi 27 za Selsiasi ni karibu psi 870, kwenye 32 inakaribia 980, na ikishapita 36 hakuna tena kimiminika ndani ya mtungi, kwa hiyo vipimo vya vitundu, vilivyokokotolewa kwa psi 900 hadi 950, haviaminiki. Gesi inaongezeka na petroli iko palepale. Mimi hufunika mtungi kwa taulo lililolowa, na geji yake ikipita 1,000 sifungui kabisa.

Swichi ya usalama nayo ilijithibitisha kwenye matuta ya mchanga ya Bidiyah. Hufungwa kwenye mstari wa petroli na kukata umeme wa solenoidi zote mbili presha ikishuka chini ya kiwango ulichokichagua. Yangu inakata kwenye psi 38. Nikipanda tuta refu, tangi likiwa chini ya nusu, petroli ilikimbilia nyuma, pampu ikanyonya hewa, na nguvu ya ziada ikatoweka katikati ya mlima. Niliteremka kinyumenyume huku watu wakicheka. Geji inayohifadhi kipimo cha chini kabisa ilionyesha psi 29. Bila swichi hiyo, gesi ingeendelea kuingia kwenye silinda zenye njaa ya petroli. Sasa sipandi nikiwa na tangi lililo chini ya robo tatu, na ninafikiria kuongeza kitangi kidogo cha akiba kinachoizingira pampu.

Lawama zangu kwa Walbro ni mbili. Ina mlio mwembamba unaosikika kwenye viti vya nyuma, na mama yangu aliuliza kama kuna nyuki garini. La pili ni zito zaidi: kwa kuwa inasukuma petroli nyingi kuliko injini inavyotumia, ziada hurudi tangini ikiwa imepashwa na joto la injini, na kwenye msongamano wa mchana wa Julai tangi huwa moto kwa kugusa. Anayetumia gari kila siku mjini na hana mpango wa kuzidi farasi 75 angefikiria pampu mpya ya kiwandani pamoja na nyaya mpya na swichi. Kwa farasi 100 kwenda juu ningeinunua Walbro tena, kutoka kwa msambazaji yuleyule.