Lushoto na mbwa: mwongozaji nitamrudia, hema silitaki tena

Mwenye haraka asome hapa aishie hapa: mwongozaji alistahili kila shilingi, kambi inaridhisha, na hema la kukodi heri ulale nje. Tulikwenda demani, baridi kali ya Usambara ikiwa imeshalegea na vuli bado. Kwa kupanda milima na mnyama sidhani kama kuna majira mazuri zaidi, maana masika njia za kule zinateleza kama sabuni.

Mbwa wangu anaitwa Jeki, koko wa Tanga mjini, hana ukoo wa kujivunia ila miguu anayo. Shughuli ni kupata pa kumpeleka. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa, kwa hiyo Saadani na Mkomazi nilizifuta mapema, na siwalaumu. Mkomazi wamerudisha mbwa mwitu, na kichaa cha mbwa kikitoka kwa hawa wetu wa nyumbani kinaweza kumaliza kundi zima. Basi nalo ndiyo kabisa, konda akimwona tu anageuza uso. Tukaenda na pikapu ya rafiki. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kona juu ya kona, na kabla hatujafika Soni Jeki alishatapika. Asubuhi ya safari usimlishe.

Mwongozaji ni kijana wa palepale Lushoto niliyeelekezwa na jamaa, shilingi 40,000 kwa siku. Nilipomwambia kwenye simu kwamba nakuja na mbwa, hakushtuka wala hakupandisha bei. Alichotaka ni picha ya kadi ya chanjo. Jeki huwa namchanja karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili nisisahau, kwa hiyo nilimtumia papo hapo. Akanieleza kwamba mbwa mgeni akimparua mtoto wa watu, swali la kwanza litakuwa hilo, na mimi nitakuwa nimeshateremka zangu Tanga, atakayeulizwa ni yeye. Nikajua huyu kazi yake anaijua.

Kutoka mjini Lushoto hadi Irente, ukingo wa mlima tuliokuwa tunaufuata, ni kama kilomita 6, na barabara ipo, yeyote anaweza kufika peke yake. Sisi tulifuata njia za miguu, na huko ndiko pesa yangu ilikokwenda. Njia hizo zinapita kwenye nyua za watu. Unatoka kwenye kabeji za mtu, unaingia kwenye kuku wa mwingine, mara mbuzi kafungwa katikati ya njia, mara watoto wanatoka chuoni na juzuu zao mkononi. Kila tulipokaribia nyumba kijana alitangulia, akapiga hodi na kusalimia kwa Kisambaa, kisha ndipo ananipungia mkono nipite na Jeki. Sehemu nyingine alirudi akasema, "Kaka, hapa tuzunguke," na tukazunguka bila maelezo.

Pale Yoghoi tulikutana na bibi anateremka na mzigo wa kuni kichwani, njia yenyewe upana wa mtu mmoja. Mbwa akajikaza, bibi akasimama. Kijana alichukua kamba mkononi mwangu, akapanda na Jeki upande wa juu wa mlima, akamkalisha na kusimama mbele yake, yeye akiwa kati ya mbwa na bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Huyo anauma?" "Hapana bibi, mgeni tu." Bibi akacheka, akapita polepole akimtazama Jeki kwa jicho la pembeni mpaka alipomaliza kona. Nisingeyajua hayo. Mimi ningembana mbwa upande wa bondeni, na bibi mwenye mzigo angelazimika kupanda kumkwepa.

Nilitaka pia tuingie msitu wa Magamba. Alikataa katakata, na mbwa hapana, na hakunibembeleza. Irente kwenyewe ni jiwe lililochomoza juu ya kitu kitupu: chini kabisa unaona Mazinde, mistari ya mkonge, malori ya barabara kuu, kisha nyika mpaka macho yanachoka. Jeki alifungwa kwenye mti mbali na ukingo kabla hata mimi sijaruhusiwa kusogea.

Kambi ni uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba ya wageni, maji ya moto yapo, choo kisafi. Mpishi, mama wa makamo, alinipokea na sharti moja: "Mwanangu, chombo cha huyo kisiingie jikoni kwangu." Nilikuwa nimebeba bakuli lake la plastiki, nikaonyeshwa bomba la nje la kuoshea, mambo yakaisha. Jioni yeye mwenyewe alimletea ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, akauweka chini na kurudi nyuma hatua tatu. Anayekwenda na mbwa asisubiri kuambiwa hilo la vyombo.

Sasa hema. Shilingi 15,000 kwa usiku, zipu imeng'oka meno, na umande wa alfajiri unadondoka ndani moja kwa moja usoni. Usiku komba alianza kulia kwenye miti, Jeki akapenya pale penye zipu mbovu, akabweka, na mbwa wa mlima mzima wakamwitikia. Taa zikawashwa nyumba ya wageni. Asubuhi mwenye hema aliliangalia, akasema "kumbe", akanirudishia elfu tano bila ubishi.

Nyumbani mkague mbwa kupe siku hiyohiyo, hasa ndani ya masikio na katikati ya vidole. Jeki alirudi nao wa kutosha, na kazi ya kuwatoa ilinichukua mpaka isha.