Uzoefu wangu na kadi za Plickers katika darasa la wanafunzi 71

Kwa miaka mingi nimekuwa nikimaliza kipindi cha Hisabati kwa swali lile lile: "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo madam!" Jioni nasahihisha madaftari na moyo unaniuma. Walioitikia kwa nguvu wamekosa, na wengine wamenakili mpaka makosa ya jirani. Nafundisha kidato cha pili. Mkondo wangu una wanafunzi 71, wanabanana watatu watatu kwenye meza za watu wawili, na kipindi ni dakika 40. Nikisema nimwite kila mmoja ubaoni, muhula utaisha tuko mada ya kwanza.

Kwenye semina tulionyeshwa Kahoot na Google Forms. Ni programu nzuri za kuuliza maswali, ila zinataka wanafunzi wawe na vifaa mikononi. Shuleni kwetu simu kwa mwanafunzi ni marufuku, na kwenye chumba cha kompyuta mashine zinazowaka ni tisa. Plickers, programu inayosoma majibu ya wanafunzi kwenye kadi za karatasi, inataka simu moja tu, ya mwalimu. Aliyeibuni, Nolan Amy, alikuwa mwalimu wa Hisabati huko California, na ukiitumia unaona kabisa kwamba imetoka kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa.

Inafanya kazi hivi. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye namba yake. Katikati kuna mchoro mweusi wa vipande vya mraba, na kila kadi ina mchoro wake. Kwenye pande nne kuna herufi ndogo sana: A, B, C na D. Naandika swali ubaoni, mwanafunzi anageuza kadi mpaka herufi ya jibu lake ikae juu, kisha anainua. Mimi nasimama mbele na kupitisha kamera ya simu taratibu kutoka upande wa madirisha mpaka mlangoni. Majina yanatokea kwenye kioo, kijani kwa aliyepata, jekundu kwa aliyekosa. Haizidi dakika moja nimemaliza darasa. Kuchungulia ni vigumu, kwa sababu A ya kadi yako haikai pale ilipo A ya jirani, na herufi zenyewe huwezi kuzisoma ukiwa mbali.

Siku iliyonifanya niipende ni ya vipeo. Niliuliza 2³ × 2⁴ ni ngapi. A ilikuwa 2⁷, B 2¹², C 4⁷, D 4¹². Kanuni hii nilikuwa nimeifundisha vipindi viwili na sikuwa na wasiwasi nayo. Nikapitisha simu, kadi 29 zikasema C. Kujumlisha vipeo walijua vizuri, 3 na 4 zikawa 7. Tatizo ni kwamba na zile 2 za chini walizizidisha zikawa 4. Nikafuta ubao, nikaandika 2×2×2, pembeni yake 2×2×2×2, nikamwita mmoja ahesabu hizo 2 ziko ngapi. Saba. Kuna 4 yoyote hapo? Hakuna. Nikawapa 5² × 5³, waliokosa wakabaki sita. Kosa hilo nilizoea kukutana nalo kwenye mtihani wa muhula, mada imeshapita na hakuna muda wa kurudi nyuma. Safari hii nililikamata kabla kengele haijalia.

Jambo la pili sikulitegemea kabisa. Majibu yote yanahifadhiwa, na ukiingia kwenye tovuti yao unaona kila mwanafunzi alijibu nini kwa kila swali. Jioni moja nilikuwa napitia matokeo, nikasimama kwenye jina la mvulana anayekaa nyuma kabisa, mpole, asiye na usumbufu wowote. Maswali niliyoandika ubaoni alikuwa amekosa karibu yote. Niliyoyasoma kwa mdomo alipata. Nikadhani ni bahati tu. Wiki iliyofuata nikafanya makusudi: mawili ubaoni, matatu kwa mdomo. Ikawa vile vile.

Nikamwita ofisini wenzangu walipotoka. "Mwanangu, ubao unauona?"

Akainamisha kichwa. "Nauona madam, ila maandishi yanacheza."

Tangu kidato cha kwanza alikuwa akinakili kila kitu kwa jirani. Siku hiyo hiyo nilimhamishia meza ya mbele, nikampigia mama yake, naye akampeleka kupimwa macho. Sasa anavaa miwani. Mwaka mmoja na nusu sisi walimu wake tulikuwa tukimwandikia "ongeza bidii" kwenye ripoti, na mimi ni mmoja wao. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa kasoro zake. Kubwa kwangu ni idadi. Seti yao kubwa ya kadi inaishia 63, nami nina watoto 71. Nimeweka jozi nane zinazoshirikiana kadi, na kila wiki nazibadilisha, lakini kwa hao 16 siwezi kujua jibu ni la nani. Toleo la bure linaruhusu matano tu kwa kila seti ya maswali, ingawa seti hizo unaweza kutengeneza nyingi upendavyo. Kwa kipindi cha dakika 40 matano yananitosha. Mtandao lazima uwepo, kwa hiyo nafungua seti ya maswali nikiwa bado ofisini. Siku mbili tatu uligoma kabisa darasani nikarudi kwenye chaki. Na kwa somo langu kuna hili: kadi inaonyesha jibu, haionyeshi njia. Mtoto anaweza kubahatisha. Madaftari bado nasahihisha.

Kuhusu kuprinti, msirudie kosa langu. Kadi zinapakuliwa bure. Za kwetu zinakaa mbili kwenye karatasi ya A4, kwa hiyo 63 ni kurasa 32, na steshenari ya jirani ilinitoza shilingi 200 kwa ukurasa. Nikaona nizilamineti zidumu. Wakaniwekea plastiki inayong'aa. Kipindi cha mchana jua linapoingia madirishani, safu nzima ya upande ule simu haikusoma, ikawa naona mng'ao mtupu, na pesa ya laminesheni ilikuwa imeshakwenda. Nikaprinti upya, nikagundisha kwenye maboksi ya biskuti kwa gundi ya kawaida, na kadi hizo zina miezi minane sasa. Wafundishe pia wanafunzi kushika kadi pembeni kabisa, maana kidole kikiziba mchoro kidogo tu, simu haisomi.

Siku ya kwanza usianze na somo. Anza na swali lisilo na jibu sahihi, kura tu. Mimi niliwauliza mada ipi ya kidato cha kwanza tuirudie. Wakapata kuzoea kugeuza kadi bila hofu ya kukosa, na mimi nikapata cha kufundisha Jumamosi. Kwenye majina, niliandika jina la kwanza na namba ya orodha tu. Taarifa za watoto wa watu hazihitaji kukaa kamili kwenye tovuti. Na wakati wa kupitisha simu, usitaje kwa sauti nani amekosa. Wakishajua kwamba ni wewe tu unayeona, wanajibu wanachoamini. Kuna wasichana wawili kwangu ambao sijawahi kuwaona wakinyoosha kidole, lakini kadi zao zinainuka kila swali.

Seti hiyo hiyo ya kadi inatumika kwa mikondo yote, unachobadilisha ni orodha ya majina kwenye programu. Ndivyo mwalimu wa Fizikia alivyoanza kuziazima. Mwanzoni mara moja kwa wiki, baadaye kila siku, mpaka tukawa tunagongana vipindi. Wiki iliyopita amenunua gundi yake, na mimi nimempa maboksi.