Dar hadi Mwanza peke yangu na IST ya kukodi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtasoma mistari miwili tu: gari zuri, waliolikodisha siwarudii.

Dada yangu amehamia Mwanza, akaacha kwangu cherehani, masufuria na godoro. Watu wa basi walitaka kunitoza mzigo huo kama abiria wengine wawili, nikaona bora nikodi gari niendeshe mwenyewe. Shilingi 90,000 kwa siku, siku tatu, na ada ya kuliacha hukohuko. Toyota IST, cc 1,300. Wenzangu wa ofisini walinicheka. Kwao safari ya zaidi ya kilomita 1,100 ni ya basi au ya Prado, si ya kigari cha kwendea sokoni.

Wamekosea. Ni lami mwanzo mwisho, na IST ilikunywa kama lita 75 njia nzima, mzigo juu. Kinachochosha ni vijiji. Kila kijiji kina kibao chake cha 50, na ukikisahau, tochi ya trafiki ya kupimia mwendo inakukumbusha. Mimi nilikumbushwa Gairo nikiwa kwenye 63. "Dada, unawahi wapi?" afande akauliza huku anaandika elfu 30. Kosa langu, simsingizii mtu. Tangu hapo nikawa natazama madereva wa upande wa pili: akikuwashia taa mchana kweupe, toa mguu kwenye mafuta.

Nililala Dodoma. Kesho yake, baada ya Bahi, barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina cc 1,300 tu. Nilitambaa nyuma ya malori hadi juu. Huko juu nchi inakuwa ya vichaka na mbingu. Ukikaribia Singida yanaanza mawe, na madumu ya mafuta ya alizeti yaliyopangwa kando ya barabara yanawaka njano juani. Kiyoyozi kilikuwa kizima, lakini nilikizima, na redio pia, nikashusha vioo. Saa nzima sikusema neno na mtu, na wala sikumtamani mtu wa kusema naye.

Ukipita Singida unateremka Sekenke. Weka gia ya 2, usikalie breki. Chini ndiyo mbuga ya Wembere, tambarare kiasi kwamba lori linalokuja unaliona dogo kama kobe, na linakaa hivyohivyo muda mrefu kabla halijakufikia. Humo ndimo tairi la nyuma lilipopata pancha.

Sikubabaika. Spea ilikuwemo kwenye orodha ya mkataba, na tiki nilikuwa nimeweka mwenyewe. Nikashusha godoro, masufuria, cherehani, vyote juani, nikafunua buti. Spea ipo kweli. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea kama andazi la jana. Jeki ipo, mkono wake haupo. Nikawapigia wenye gari. Kijana akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, tafuta fundi wa karibu." Nikageuka kumtafuta. Waliokuwa karibu ni ng'ombe kama 40 na mvulana mwenye fimbo, ambaye baada ya kunipa shikamoo alijikalia kwenye kivuli cha gari kuangalia mambo yataishaje.

Malori mawili yalipita. La tatu likasimama, namba za Rwanda. Wengi wao hupita hapa wakakate Tinde kwenda Isaka na Kahama. Dereva mtu mzima, hana maneno mengi. Akavuta mpira mrefu wa upepo, akauchomeka kwenye tangi la upepo wa breki za lori lake, akajaza spea yangu. Akaigonga kwa spana, akainamisha kichwa kusikiliza, akaongeza kidogo, akagonga tena. Sauti ilikuwa imebadilika, hata mimi niliisikia. Jeki yake ilihitaji watu wawili kuibeba, yule mvulana akasaidia. Pesa alikataa. Maji na maandazi alipokea.

"Hiyo pancha izibwe Igunga leo," akaniambia. "Usilale bila spea, dada yangu."

Ilizibwa Igunga siku hiyohiyo, ulikuwa msumari. Nililala Shinyanga, na siku ya tatu ilikuwa fupi, mashamba ya pamba hapa na pale kisha mawe ya Mwanza.

Kuhusu malipo: mkataba unakupa kilomita 200 kwa siku, zinazozidi unalipia. Kwa mjini hutaziona. Kwa safari kama hii zilinizidi karibu 550, na ile bei niliyoshangilia mwanzoni ikaota mkia. Imeandikwa ukurasa wa pili, nilisaini, kwa hiyo hilo simlalamikii mtu.

Mtu wao aliyepokea gari Mwanza alilizunguka mara mbili na simu mkononi, akipiga picha kila mkwaruzo. Akanidai elfu 10 ya kuosha vumbi. Nikamwambia afungue buti aone spea waliyonipa. Akasema buti haimo kwenye orodha yake ya ukaguzi.

Kwa gari, nyota 4 kati ya 5. Kwa wao, moja, na hiyo ni ya kiyoyozi.