Nimehangaika na fulu (taa ya mbali) ya Probox miezi minne, sasa angalau naona barabara

Gari ni Probox ya 2006, taa zake ni za balbu ya H4, halojeni ya uzi ya kawaida kabisa. Mi napeleka vifaa vya sola kutoka Dar kwenda Iringa na Makambako, mara nne mara tano kwa mwezi, na kurudi mara nyingi ni usiku. Najua mtaniambia usiku watu wanalala, hata wife kila siku wimbo ni huo huo, ila mteja anakulipa saa kumi jioni uko Mafinga na kesho asubuhi kuna mzigo mwingine unakusubiri Kariakoo, unafanyaje.

Dimu yangu, yaani taa ya karibu, ilikuwa inavumilika. Fulu sasa, yaani nilikuwa najua nimepiga fulu kwa sababu tu kile kitaa cha bluu kwenye dashibodi kimewaka, mbele hamna kilichobadilika. Nikawa nakaza macho tu. Mpaka siku nimeshuka mlima Kitonga, nimepita Ruaha Mbuyuni naitafuta Mikumi, nikakuta matawi barabarani, yale ambayo lori likiharibika dereva anakata porini anayapanga nyuma ya gari badala ya triango. Mi nimeyasikia kabla sijayaona, yameshaingia chini ya bampa. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, lori lipo pale limezimika, tela jeusi halina hata riflekta moja, nikasimama kama hatua kumi nyuma yake. Nilikuwa 80, na kwenye 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Turnboy katoka chini ya tela na kopo la chai mkononi ananiangalia tu.

Kesho yake nikaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, kununua balbu za LED.

Muuzaji ananiambia bosi hii ni mwanga wa mchana, boksi limeandikwa maelfu ya lumeni huko (wingi wa mwanga), 6500K yaani mwanga mweupe, nikatoa 60,000 kwa pea. Usiku wa kwanza nikapiga ukutani pale nyumbani, ukuta ukawa mweupe pee, nikaita mpaka jirani aje aone. Nimefurahi siku mbili. Siku ya tatu niko barabara ya Morogoro, kila basi ninalopishana nalo linanipigia fulu, mi nipo dimu, nawarudishia na mimi, wanazidi kunichoma, nikasema hawa madereva leo wana nini. Kumbe tatizo ni mimi. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili ndani, wa dimu na wa fulu, na ule wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usiruke juu, na ile sahani inayong'aa ndani ya taa imechongwa kufuata pale pale nyuzi zilipo. Sasa zile LED zangu vichipu vyake vilikuwa vinene na vimekaa pembeni ya pale uzi unapotakiwa kuwa, kwa hiyo mwanga unatapakaa hovyo, unawapofua watu kwenye dimu, na ukipiga fulu unapata mwanga mpaaana wa karibu, unaona nyasi za pembeni vizuri sana, lakini mita 100 mbele giza lile lile. Na ule weupe wa karibu unafanya macho yazoee mwanga, kwa hiyo huko mbali unaona kidogo kuliko zamani. Hiyo ilinichukua muda kuielewa.

Halafu mvua ikanikuta Doma. Lami imelowa, mwanga mweupe unazama tu, mstari wa katikati siuoni, nikaenda 30 nyuma ya Fuso ya nyanya mpaka Mikumi mjini. Ndani ya hifadhi ya Mikumi spidi ya usiku yenyewe ni 50 lakini hata hiyo 50 ningeipata wapi. Na redio, nikiwasha tu taa FM inaanza kukwaruza kama inakaangwa. Na ule mpira wa nyuma ya taa haukufunga kwa sababu ya kifeni cha LED, kwa hiyo vumbi na unyevu vikaingia mpaka ndani ya taa. Wiki ya saba kifeni cha kulia kikakwama, taa ikaanza kucheza disko. Nikazitoa. Sisemi LED zote mbaya, gari lililotoka kiwandani na taa za LED au zenye projekta yake (ile lenzi ya kuelekeza mwanga) ni habari nyingine kabisa, mi nasema hizi za kuchomeka kwenye taa ya halojeni, hizi nilizopata mimi.

Aliyenisaidia ni fundi umeme mmoja mtu mzima pale Morogoro. Nimemweleza yote, nategemea aniuzie balbu, hajaniuzia kitu. Akaiacha soketi ya taa imechomekwa, akaniambia washa injini, piga fulu, akapima na mita huku taa zikiwa zinawaka. Kwenye betri volti 14.1, kwenye soketi 11.8. Akanionyesha ile mita, akasema "mwanangu, balbu zako zina njaa." Mzee, njaa vipi? Akanieleza, umeme wote wa taa unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi na viwaya vyembamba vya miaka karibu 20, kila kiungo kimeshika kutu, volti zinaishia njiani. Na halojeni haina msamaha, ukiipunguzia volti asilimia 10 inapoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Mi nilikuwa nimepungukiwa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo akafunga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme), moja ya dimu na moja ya fulu, waya mnene kutoka betri moja kwa moja na fyuzi yake karibu kabisa na betri, ile soketi ya zamani ikabaki kazi yake ni kuiambia tu rilei washa au zima. Akaongeza na waya mpya wa hasi kwenye bodi, hilo wengi wanasahau. Baada ya hapo kwenye balbu ikasoma 13.6. Balbu ni Osram za kawaida za wati 60/55, nilimuuliza kuhusu zile za 100/90 akaguna tu, akaingia ndani akatoka na soketi iliyoyeyuka kama mshumaa akaniwekea kwenye boneti. Nikanyamaza. Na usishike kioo cha balbu na vidole, mafuta ya mkono yanaweza kuipasua.

Lenzi nilisugua mwenyewe nyumbani maana zilikuwa njano kama mkojo. Msasa wa maji namba 800, halafu 1500, halafu 2000, maji muda wote, mkono unauma balaa, halafu ukipaka polishi ndo unaona plastiki inarudi kuwa kioo. Juu yake nikapuliza kliya (rangi isiyo na rangi) ya kuzuia jua, bila hiyo baada ya miezi michache njano inarudi. Wale wa dawa ya meno nimewahi kuwa mmoja wenu, inakaa wiki mbili.

Mwisho tukaelekeza taa, gari limesimama sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, mstari wa dimu unatakiwa uwe chini kama sentimita 10 kuliko kimo cha taa yenyewe. Ya kwangu ya kushoto ilikuwa inamulika mibuyu. Na nilikuwa naelekeza gari likiwa tupu wakati mi nasafiri na betri za sola nyuma, mzigo ukikaa nyuma pua inapanda, kwa hiyo pima na mzigo wako wa kawaida.

Gharama yote, rilei, waya, ufundi na balbu, ilikuwa 85,000, msasa na polishi na kliya nyingine 22,000.

Wiki iliyopita nimepita pale pale Ruaha Mbuyuni saa tano usiku. Fulu sio nyeupe, ina unjano kidogo, ukiipiga ukutani jirani hawezi kuja kuangalia. Ila nimeona punda wawili pembeni mapema kiasi kwamba nilipunguza gia taratibu tu, macho yao yanang'aa kule mbali, na mabasi yanapita hamna anayenipigia fulu. Kasoro yake balbu zinakufa haraka kwa sababu sasa zinapata volti zote, ya kulia imeshaungua, natembea na pea ya akiba kwenye dashibodi imefungwa kwenye soksi. Zile LED ziko kwenye droo, mdogo wangu anazitaka aweke kwenye IST yake, nimemwambia zimeharibika.