Tela yangu haikukosa breki, ilikosa ethi: uzoefu wangu na fundi umeme wa Gerezani

Nakodisha maturubai, viti na meza, makazi yangu Kigamboni, Dar es Salaam. Mzigo wote unasafiri kwenye tela ya ekseli mbili niliyoinunua ikiwa imeshatumika, imetoka Marekani, na magurudumu yake yote manne yana breki za umeme. Inavutwa na Land Cruiser.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Ukiwasha indiketa ya kulia, taa zote za nyuma zinapepesa kwa kufifia. Ukikanyaga breki, taa za pakingi zinazima. Halafu siku moja dereva wangu anateremka kuingia pantoni pale Magogoni, tela na viti mia mbili ikaanza kulisukuma gari kwa nyuma. Alifanikiwa kusimama, ila aliposhuka mikono ilikuwa inamtetemeka. "Mama, tela haishiki kabisa." Tangu hapo nikakataa isipande pantoni, tukawa tunazungukia Daraja la Nyerere na kulipa tozo.

Fundi wa kwanza, gereji yake siitaji, alibadilisha balbu zote, kisha akasema sumaku za breki zimekufa, ninunue seti nzima. Nashukuru hela haikuwepo wakati ule.

Wa pili nilielekezwa na muuza spea mmoja Gerezani. Ni mzee, anaongea taratibu. Hakufungua gurudumu hata moja. Alichukua waya mrefu, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri ya gari, nyingine akaigusisha kwenye mguu wa taa ya nyuma. Taa zikawaka kama mpya.

"Mama, moto unafika," akaniambia. "Hauna pa kurudia."

Ethi ya tela nzima, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ilikuwa imeshikwa na skrubu moja, tena juu ya rangi. Alipobandua tepu, shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani na inapukutika kama unga. Ndiyo hewa ya chumvi ya kule kwetu. Umeme ukawa unajitafutia njia: kupitia tufe la chuma la kuvutia tela, ambalo limejaa grisi, au kupitia balbu za taa nyingine, ndiyo maana indiketa moja ilikuwa inaziamsha taa zisizohusika. Taa zinaweza kuvumilia hali hiyo. Breki hapana. Kila sumaku inakula karibu ampea 3, nne ni kama 12, na isipopata umeme wa kutosha haing'ang'anii drami, kwa hiyo liningi hazisukumwi.

Alipima mbele yangu. Taa zikiwa zinawaka, kati ya ethi ya taa na hasi ya betri mita ilisoma volti 3.8, mahali panapotakiwa kukaribia sifuri. Waya wa breki ulikuwa unapitisha ampea 7 tu.

Kazi yenyewe niliifurahia sana. Alivuta waya mweupe wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye plagi hadi nyuma, akaipa kila taa na kila sumaku njia yake ya kurudi badala ya kutegemea chasisi. Chasisi nayo aliipiga msasa hadi chuma kikang'aa, akafunga kwa bolti na washa yenye meno, akapaka grisi juu. Viungo vyote amevilehemu kwa risasi na kuvivika mpira unaosinyaa kwa joto. Hakuna waya uliosokotwa na kuviringishiwa tepu. Akapima tena: volti 0.1, ampea 12.

Kasoro zipo. Aliahidi siku moja zikawa mbili, na harusi ya Jumamosi ikanilazimu kukodi kirikuu. Pia ile betri ndogo ya tela, inayofunga breki tela ikichomoka kwenye gari, aliikuta imekufa na hakuniambia mpaka nilipouliza mwenyewe. Jambo zito kama hilo mteja anapaswa kuambiwa mapema. Nimeshanunua nyingine.

Ufundi nililipa 150,000, waya na vifaa 95,000. Wiki ya sita sasa, tumerudi pantoni, na dereva anateremka na mzigo kamili akisimama pale pale anapoonyeshwa. Ukienda kwake, nenda na gari linalovuta. Tela peke yake haipokei, kwa sababu anataka kupima kwa umeme wa gari lile lile litakaloivuta barabarani.