Holothuriidae na Stichopodidae: Familia Mbili za Majongoo Bahari wa Tropiki

Majongoo bahari wakubwa wanaoonekana mara kwa mara katika maji mafupi ya tropiki wengi wao ni wa familia mbili, Holothuriidae na Stichopodidae, ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa katika oda moja (kundi linalojumuisha familia kadhaa), hadi uchunguzi wa jeni wa mwaka 2017 ulipozigawa katika oda za Holothuriida na Synallactida.

Umbo husaidia kuzitofautisha, ingawa halitoshi: Holothuria, jenasi ya Holothuriidae, kwa kawaida ni mviringo, ilhali Stichopus, jenasi ya Stichopodidae, ana pande nne, karibu kama sanduku refu. Ndani ya mwili, Holothuriidae wana fungu moja la mirija ya uzazi, na wenzao wana mafungu mawili.

Tofauti inayovutia zaidi ni ya kujihami. Bohadschia argus, wa Holothuriidae, akichokozwa hutoa kupitia tundu la haja nyuzi nyeupe, ambazo hurefuka majini na kunata vidoleni kama gundi. Stichopus hana kabisa nyuzi hizo. Stichopus chloronotus akitolewa majini na kushikwashikwa, ngozi yake hulegea hadi ikawa kama uji. Hata hivyo, kukosa nyuzi si kipimo cha kutegemewa, kwani Holothuria scabra, anayejifukia mchangani, naye hana.

Kwa hiyo mwamuzi bora ni darubini. Kipande cha ngozi kikiyeyushwa kwa maji ya klorini, hubaki vijiwe vya chokaa: vya Stichopus, baadhi vimepinda kama herufi C; vya Holothuria wengi hufanana na vifungo na vimeza.